Nani Alizijenga Nyumba za Keko?

Juma lililopita nililetewa barua kutoka Keko, imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi mbili za daftari. Aliyeiandika ni mama mjane. Baada ya "Shikamoo mzee" na salamu nyingine zote, anaeleza kwamba marehemu mumewe alimwachia nyumba ya vyumba sita. Yeye na wajukuu wanakaa viwili, vinne amepangisha kwa shilingi 50,000 kila kimoja kwa mwezi. Sasa mwanawe mkubwa amemshauri wabomoe vyumba viwili vya nyuma ambavyo bado ni vya miti na udongo, wakope benki shilingi milioni 20, wajenge vyumba vitano vya kisasa, kila kimoja na choo chake ndani, na wapangishe kwa 100,000 kwa mwezi. Hesabu ya kijana ni fupi: vyumba vitano ni laki tano kwa mwezi, milioni sita kwa mwaka, kwa hiyo baada ya miaka mitatu na miezi minne deni limekwisha na nyumba ni yao. Mama anauliza: "Je mzee, hesabu hii ni ya kweli, au nitakuja kunadiwa nyumba ya baba yao?"

Sikutaka kumjibu kwa haraka. Hesabu hiyo nimeisikia mara nyingi vijiweni, na kila mara kuna kitu kinasahauliwa ndani yake. Lakini kabla ya kufika huko nimeona tujiulize swali jingine, ambalo majibu yake yatamsaidia mama huyu kuliko kikokotoo. Hizo nyumba elfu na elfu za kupangisha zilizopo Keko, Temeke, Buguruni, Kinondoni na Manzese, nani aliyezijenga? Kwa fedha ya nani?

Tuanze na nyumba yenyewe. Kila mtu wa Dar es Salaam anaijua hata akiwa amefumba macho. Mbele kuna baraza. Unaingia mlango mkubwa, unakuta korido imenyooka mpaka uani, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto. Uani kuna jiko, bafu na choo cha shimo. Watu wameizoea mno hata hawaoni ujanja uliomo. Nyumba hii ina uwezo wa kukaliwa kabla haijakwisha. Ukimaliza chumba kimoja ukakiezeka, unahamia. Ukimaliza cha pili, unaweka mpangaji. Kodi ya mpangaji huyo inaanza kununua boriti za chumba cha tatu. Nyumba ya kizungu yenye sebule na vyumba vitatu vya kulala haikubali mchezo huo, maana sebule hailipi kodi.

Wakati wa Waingereza, kwa Mwafrika wa mjini, ujanja huo ulikuwa ndiyo njia pekee. Mwaka 1931 serikali ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Asiye mwenyeji akimkopesha mwenyeji bila idhini ya ofisa wa serikali, asingeweza kumdai mahakamani. Walioitunga walisema ni kwa ajili ya kumlinda mwenyeji asinyonywe na mfanyabiashara. Inawezekana. Lakini matokeo yake ni kwamba hakuna mwenye fedha aliyekuwa na sababu ya kumkopesha Mwafrika wa Kariakoo ajenge nyumba, na kiwanja chenyewe cha Kariakoo alikuwa nacho kwa kulipia mwaka hadi mwaka, wala si hati ndefu ya kupeleka benki. Na huko nje ya mipango, sehemu kama Keko, wengi walijenga kwa maelewano tu. Karatasi hakuna.

Katika mwaka 1956 ofisa mmoja Mwingereza aitwaye J. A. K. Leslie alifanya uchunguzi wa maisha ya watu wa Dar es Salaam, na kitabu chake kikatoka mwaka 1963. Kwa mambo mengine Leslie anaandika kama mtawala, msomaji avumilie. Lakini aliiona nyumba ya vyumba sita kwa macho ya makini, aliona kwamba kwa mtu wa mjini nyumba ilikuwa ndiyo akiba, ndiyo bima na ndiyo pensheni. Mshahara ulikuwa mdogo, uzee haukuwa na mtunzaji. Aliyekuwa na vyumba vitatu vya kupangisha alikuwa na hakika ya kula hata siku alipoachishwa kazi bandarini.

Miongoni mwa wenye nyumba hao walikuwamo akina mama wengi. Mwanamke aliyeuza pombe au vitumbua, aliyeachika au kufiwa, kitu cha kwanza alichotafuta baada ya kupata fedha kidogo ni kiwanja. Nalitaja hili kwa sababu mama wa Keko aliyeniandikia asije akadhani yupo peke yake. Amewatangulia bibi zake.

Uhuru ulipokuja, serikali iliingia yenyewe katika ujenzi. Mwaka 1962 likaundwa Shirika la Nyumba la Taifa, na katika miaka ile ya mwanzo kazi yake kubwa ilikuwa kubomoa vibanda vya miti na udongo na kujenga nyumba za saruji mahali pale pale. Magomeni ni mfano unaojulikana sana. Kazi nzuri, lakini ukibomoa nyumba moja na kujenga moja, mji haukuongezeka hata chumba kimoja, na watu waliokuwa wakiingia mjini kila juma hawakuwa na subira. Walikwenda Keko, Manzese, Buguruni, wakapanga chumba kwa mtu.

Kisha likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Wengi wanakumbuka mabenki na viwanda kutaifishwa. Wachache wanakumbuka kwamba katika masharti ya uongozi, pamoja na kukatazwa kuwa na hisa na mishahara miwili, kiongozi wa TANU au wa serikali alikatazwa kuwa na nyumba ya kupangisha. Nyumba ya kupangisha! Iliwekwa kapu moja na hisa za makampuni ya kibepari. Bibi Titi Mohamed, aliyezunguka nchi nzima kuwaamsha wanawake wajiunge na TANU, alikuwa na nyumba za kupangisha na hakulikubali sharti hilo. Akajiuzulu nafasi yake katika uongozi wa juu wa chama. Mtu anaweza kubishana naye au kukubaliana naye. Mimi naona swali lake lilikuwa halali: mama asiye na elimu ya darasani, asiye na pensheni, akizeeka atakula nini kama si kodi ya chumba? Jibu la Azimio nalo lilikuwa na uzito wake. Kiongozi anayekula kodi za watu, sheria ya kodi ataitunga kwa faida ya nani?

Miaka minne baadaye, Aprili 1971, ikapitishwa sheria ya kutwaa majengo. Jengo lenye thamani inayozidi shilingi 100,000 ambalo mwenyewe hakulikalia lote bali alilipangisha, likawa mali ya serikali chini ya Msajili wa Majumba. Fidia ilipungua kwa kadiri ya umri wa jengo, na lililozidi miaka kumi halikulipwa kitu. Majengo zaidi ya 2,000 yalichukuliwa, mengi ya Watanzania wenye asili ya Asia katikati ya miji. Nyumba za Keko hazikuguswa, maana hakuna iliyokaribia laki moja. Lakini nionavyo mimi, somo liliingia hata Keko. Mtu alijifunza kwamba nyumba kubwa inaonekana, nyumba ndogo haionekani. Ukiwa na fedha ya ghorofa, jenga vijumba vitatu, kimoja kwa jina lako, kimoja la mkeo, kimoja la mama yako mzazi kijijini. Sidhani kama tabia hiyo imetutoka mpaka leo. Tazameni mji wetu ulivyotambaa kwenda Mbagala na Gongo la Mboto, badala ya kupanda juu.

Hapa msikilizaji mwenye kumbukumbu atasema: mbona tulikuwa na benki ya nyumba? Kweli tulikuwa nayo. Benki ya Nyumba Tanzania, wengi waliiita THB, ilianza kazi mwaka 1973. Mwaka uliofuata ukaanzishwa Mfuko wa Maendeleo ya Nyumba za Wafanyakazi na Wakulima, ambao waajiri waliuchangia asilimia 2 ya mishahara waliyolipa. Mwaka huo huo wa 1974 serikali ilianza na Benki ya Dunia mradi wa viwanja na huduma, ndipo zilipozaliwa Sinza na Kijitonyama kama tuzijuavyo, na Manzese ikapata barabara na mabomba. Awamu ya pili, mwaka 1977, ilifika mpaka Tandika na Mtoni upande wetu wa Temeke. THB ilikuwa ikopeshe wajenzi wa kipato kidogo. Lakini viwanja vingi viliwaponyoka wanyonge vikaingia mikononi mwa wenye vyeo na mishahara, na benki yenyewe ilidai kiwanja kilichopimwa, hati na ramani iliyopitishwa na jiji. Mtu wa Keko alikuwa na kimoja kati ya hivyo? La hasha. Alikuwa na barua ya mjumbe wa nyumba kumi.

THB ililemewa na madeni yasiyolipika ikafa mwaka 1995. Ilipokufa, mitaa kama Keko haikushtuka. Mgonjwa hakuwa ndugu yao.

Basi turudi kwenye swali. Kama benki haikujenga, serikali haikujenga, tajiri aliogopa kujenga, nani alijenga? Fedha ya upato ilikuwamo. Kiinua mgongo kilikuwamo, cha makuli wa bandari na wafanyakazi wa viwanda vya Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Lakini mchangiaji mkubwa kuliko wote, ambaye hakuna kibao chenye jina lake popote, ni mpangaji. Mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kabla hajalala hata usiku mmoja.

Watu hulalamikia kodi ya kutanguliza kana kwamba ni roho mbaya ya wenye nyumba wa siku hizi. Roho mbaya ipo, sikatai. Lakini tazameni ilivyofanya kazi katika miaka ya 1980. Mfumuko wa bei ulikuwa ukizunguka asilimia 30 kwa mwaka. Mwenye nyumba aliyepokea kodi ya mwaka akaiweka chini ya godoro, mwisho wa mwaka alikuwa amepoteza karibu robo ya nguvu yake. Kwa hiyo hakuiweka. Siku ile ile aliipeleka kutafuta saruji, na saruji yenyewe ilikuwa ya kupanga foleni na kujuana na mtu, au akanunua bati, au akamwita fundi amfyatulie tofali. Ndiyo sababu nyumba za Dar es Salaam zina lundo la tofali pembeni lililoota majani. Wageni hudhani ni uzembe. Lile lundo ni daftari la akiba ambalo mfumuko wa bei haulifikii.

Sheria nayo ilikuwapo. Udhibiti wa kodi za nyumba ulianza tangu Vita Kuu ya Pili, na sheria ya mwaka 1984 iliweka kodi halali na Mabaraza ya Nyumba ya kusikiliza mashauri, tena ikakataza kilemba. Katika majumba ya Msajili mjini ilikuwa na nguvu kiasi. Uswahilini nani angemshitaki mwenye nyumba anayelala chumba cha pili, anayetumia choo kile kile na anayeshika ufunguo wa mlango mkubwa? Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Katika miaka ya 2010 serikali ilisema zaidi ya mara moja kwamba kodi ya miezi sita au mwaka ikomeshwe, watu walipe mwezi kwa mwezi. Mpangaji wa Keko akisikia hivyo redioni hucheka.

Kumbukeni pia kwamba Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, ikikutana Zanzibar, iliyalegeza masharti ya Arusha. Mwanachama na kiongozi wakaruhusiwa kupangisha nyumba. Kwa hiyo kile alichokikataa Bibi Titi mwaka 1967 kiliondoka kimya kimya baada ya miaka 24. Naye aliishi kuyaona hayo, alifariki mwaka 2000.

Na mikopo? Imerudi. Mwaka 2008 ilitungwa sheria ya fedha za mikopo ya nyumba, na mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya kuyapatia mabenki fedha za muda mrefu kwa mikopo hiyo. Lakini katika nchi iliyohesabiwa watu zaidi ya milioni 61 mwaka 2022, mikopo ya nyumba iliyomo vitabuni mwa mabenki yote imekuwa ni maelfu machache tu, na riba yake kwa miaka mingi imezunguka kati ya asilimia 15 na 19. Hapo ndipo hesabu ya kijana wa mama yetu inapovunjika mguu. Tuifanye pamoja.

Milioni sita kwa mwaka, amesema. Lakini vyumba viwili vinavyobomolewa vilikuwa tayari vinamletea mama laki moja kwa mwezi, yaani milioni 1.2 kwa mwaka. Faida mpya si milioni sita, ni milioni 4.8. Chumba cha laki moja hakikai na mtu miezi kumi na miwili kila mwaka. Mmoja anahama, mwingine anachelewa, dalali anazungusha watu. Tukadirie mwezi mmoja mtupu kwa kila chumba, laki tano zimeondoka. Vyoo vitano vya ndani vinataka shimo kubwa na gari la kunyonya, vinataka mabomba, rangi na vitasa. Tuseme laki saba, na nimemwonea huruma. Kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango, tuseme laki tano na nusu. Zimebaki milioni tatu na elfu hamsini. Riba ya mwaka wa kwanza peke yake, kwa milioni 20 kwa asilimia 17, ni milioni tatu na laki nne.

Kodi yote haijalipa hata riba, achilia mbali deni lenyewe. Na sijahesabu miezi minane ya ujenzi ambayo benki inataka rejesho na mafundi wanakunywa chai. Makadirio yangu mtu anaweza kuyapinga kwa laki hapa na laki pale. Afanye hivyo, lakini afanye kwa daftari, asifanye kwa mdomo. Na aanze na jambo moja: kodi ya sasa ya vyumba vinavyobomolewa haipotei kwenye hesabu kwa sababu tu imezoeleka.

Kuna na suala la dhamana. Mama anasema ana leseni ya makazi, zile zilizoanza kutolewa Dar es Salaam katikati ya miaka ya 2000 kwa watu wa maeneo yasiyopimwa. Ni karatasi ya maana, inamlinda kuliko barua ya mjumbe. Lakini ni ya miaka michache na huhuishwa. Mkopo wa miaka 15 hauwezi kuegemea juu ya karatasi ya miaka mitano. Kama benki itakubali, itampa mkopo mfupi wenye marejesho makubwa, na hapo hofu yake ya kunadiwa si hofu ya uzee.

Je, abaki na vyumba vya udongo? Hapana. Waliomtangulia walijenga kwa fedha isiyo na riba, kidogo kidogo, na njia hiyo haijafungwa. Aanze na choo na shimo, kwa sababu hilo ndilo linalopandisha kodi ya vyumba vyote kwa pamoja, hata vile vinne alivyonavyo. Abomoe chumba kimoja tu kwanza, kimoja kibaki kinalipa. Akipata mpangaji wa kutanguliza miezi sita, fedha hiyo iingie kwenye tofali siku hiyo hiyo, na iandikwe.

Hapa lakini lazima niseme neno na upande wa pili, maana wengi wanaonisikiliza si wenye nyumba. Mtu mwenye mshahara wa laki tatu anayetaka chumba cha elfu hamsini Keko hudaiwa laki tatu za miezi sita, na dalali anataka elfu hamsini yake. Mshahara wote na zaidi, kabla ya kununua hata ndoo. Hukopa kazini au kwa wakopeshaji wa mtaani, kwa riba ambayo benki ingeona haya kuitaja. Kwa hiyo ile fedha niliyoiita haina riba ina riba, ila anayeilipa si mwenye nyumba. Kama mpangaji ndiye mkopeshaji wa nyumba hizi, ni mkopeshaji wa ajabu, anayekopa ili akopeshe, asiyepewa risiti, na anayeweza kufukuzwa kwenye dhamana yake kwa notisi ya mdomo.

Nilimjibu mama kwa barua, nikamwekea hesabu hizo zote. Mwishoni nilimwuliza wapangaji wake wanne wana muda gani kwake. Juzi mjukuu wake ameniletea jibu. Mmoja, fundi seremala, ana miaka kumi na moja. Mwaka 2016 alilipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, ndiyo iliyoezeka upya upande wa mbele. Mama anasema hajawahi kumwandikia risiti, na anauliza kama bado anaweza kuiandika sasa. Nimemwambia aiandike, aweke na tarehe ya siku ile.